Masafa ya Gari Dogo la Umeme: Hesabu ya Njia za Kilosa na Mikumi

Tangu mwaka 2024 umeme umekuwa ukiwachukua abiria kupita Kilosa. Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka huo, na kufika Dodoma mwezi Julai, hupenya mahandaki ya milima ya Kilosa kwa nguvu ya umeme wa volti 25,000 unaopita katika waya uliotandazwa juu ya njia. Treni hiyo haina haja ya kubeba akiba ya safari. Kila mita inayokwenda hupokea umeme wa mita hiyo, na waya haukomi mpaka mwisho wa safari.

Gari dogo la umeme liko katika hali nyingine kabisa. Hilo huondoka nyumbani na akiba yake yote, mfano wa msafiri wa zamani aliyefunga masurufu ya njia nzima begani. Akiba ikimalizika kabla ya kufika, gari husimama palipo pote litakapokuwa, hata kama ni katikati ya uwanda wa Mkata usiku, mahali ambapo hakuna mwenye akili angeshuka kusukuma gari mbele ya tembo na simba.

Magari ya namna hii si hadithi tena. Mwezi Machi 2022 mchora katuni mashuhuri, Masoud Kipanya, alionyesha jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini. Pikipiki na bajaji za umeme zinaonekana mijini, na kutoka Japani, nchi inayotuletea magari mengi yaliyokwisha kutumika, yamo pia ya umeme. Kwa hiyo swali la mwalimu wa Kilosa au mfanyabiashara wa Mikumi anayelitamani gari kama hilo ni la haki: Je, litanifikisha? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu laweza kupatikana kwa fizikia ya shule ya sekondari, na kwamba tarakimu iliyoandikwa na kiwanda si jibu hilo.

Akiba iliyomo betrini

Nishati ya umeme hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo kila mwenye mita ya LUKU huiita uniti. Betri ya gari la Nissan Leaf la kwanza, lililotoka kiwandani mwaka 2010, ilikuwa na uniti 24. Gari dogo zaidi la Kichina, Wuling Hongguang Mini EV la mwaka 2020, lilikuja na betri ya uniti 9.3 au 13.9 na uzito wa kilo 665 tu. Kwa hesabu zitakazofuata, msomaji na achukulie gari la wastani wa hayo mawili, ambalo betri yake ikiwa mpya hutoa uniti 20 za kutumika, na ambalo pamoja na watu wake lina uzito wa kilo 1,300.

Uniti 20 ni nyingi au chache? Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi. Kwa hiyo betri nzima, yenye uzito wa mtu watatu au wanne, imebeba nishati isiyozidi ile iliyomo katika dumu la lita mbili na robo. Jambo hili laweza kumvunja moyo mtu, lakini kuna upande wa pili. Injini ya petroli huigeuza kuwa mwendo robo tu ya nishati yake, au pungufu ya hapo. Iliyobaki hupotea kwa joto katika rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme pamoja na vyombo vyake hugeuza kuwa mwendo kiasi cha asilimia 85. Zaidi ya hayo, dereva anapopunguza mwendo au anapoteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nishati ambayo katika gari la petroli ingeishia kuchoma breki.

Kani zinazopinga mwendo

Gari linalokwenda mwendo mmoja juu ya njia tambarare hupambana na kani mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa magurudumu. Juu ya lami kani hii ni kiasi cha sehemu 12 katika 1,000 za uzito wa gari. Kilo 1,300 zina uzito wa nyutoni 12,740, na kwa hiyo ukinzani ni nyutoni 153. Kani hii haibadiliki sana gari likienda polepole au kwa haraka.

Kani ya pili ni ukinzani wa hewa, na hiyo ndiyo yenye hila, kwa sababu huongezeka kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa gari letu la mfano, katika hewa ya joto ya nyanda za Morogoro, kani hii ni nyutoni 69 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nyutoni 177 kwa mwendo wa 80, na nyutoni 276 kwa mwendo wa 100.

Kani ikizidishwa kwa umbali huwa kazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kani zote mbili ni nyutoni 330. Katika mita 1,000 zinadai jouli 330,000, nazo ni wati-saa 92. Kwa kuwa ufanisi ni asilimia 85, betri hutoa wati-saa 108. Kisha kiko kiyoyozi na taa, ambavyo hula wati 1,000 kila wakati gari liwapo barabarani, yaani wati-saa 12 na nusu zaidi kwa kila kilomita. Jumla ni wati-saa 120, kwa kukadiria. Hesabu hiyo hiyo ikirudiwa kwa miendo mingine, matokeo ni haya:

Mwendo wa 50 kwa saa: wati-saa 93 kwa kilomita, masafa kilomita 215.
Mwendo wa 60 kwa saa: wati-saa 99 kwa kilomita, masafa kilomita 202.
Mwendo wa 80 kwa saa: wati-saa 120 kwa kilomita, masafa kilomita 167.
Mwendo wa 100 kwa saa: wati-saa 150 kwa kilomita; masafa kilomita 133.

Masafa hapa ni umbali ambao gari laweza kwenda kwa betri iliyojaa mpaka iishe. Ni gari lile lile, betri ile ile, njia ile ile, na bado masafa yanatofautiana kwa zaidi ya kilomita 80. Kumbe masafa si sifa ya gari peke yake. Ni matokeo ya gari, njia na mguu wa dereva kwa pamoja.

Kutoka Morogoro hadi Kilosa kupitia Mikumi

Ichukuliwe safari ya kwanza, kutoka Morogoro hadi Mikumi, kiasi cha kilomita 120. Barabara kuu ya Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita 50 hivi. Ndani ya hifadhi vibao huagiza mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, kwa ajili ya kuwalinda wanyama wavukao barabara. Madereva wengi huliona agizo hilo kuwa kero. Kwa mwenye gari la umeme ni msaada, kwa kuwa humlazimisha kutumia nishati kidogo zaidi mahali ambapo hangependa kabisa kuishiwa.

Kilomita 70 za nje ya hifadhi, kwa mwendo wa 80, zitakula uniti 8.4. Kilomita 50 za ndani zitakula uniti 4.6. Jumla ni uniti 13. Gari lililotoka Morogoro na uniti 20 litafika mji mdogo wa Mikumi likiwa na uniti 7.

Sasa dereva anakunja kulia kuelekea Kilosa kwa njia ya Ulaya, kiasi cha kilomita 80. Njia hii kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe, na juu ya changarawe ukinzani wa magurudumu hupanda mpaka sehemu 20 katika 1,000 au zaidi. Hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilomita itadai wati-saa 126, na safari nzima uniti 10. Zilizopo ni 7. Dereva asiyejua hesabu ataondoka Mikumi kwa furaha, kwa kuwa kipimo mbele yake hakijafika mwisho, na kilomita 24 kabla ya Kilosa gari litasimama.

Ajuaye hesabu atakaa Mikumi. Anahitaji uniti 3 za kumfikisha, na 2 za tahadhari, kwa kuwa njia ya mvua, mchepuko au mzigo hauandikwi katika hesabu ya mezani. Soketi ya kawaida ya nyumba ya wageni, ikitoa ampea 10 kwa volti 230, ina nguvu ya wati 2,300. Kwa kuwa sehemu ya kumi hivi ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, atahitaji uniti 5.6 kutoka ukutani, yaani muda wa saa mbili na nusu. Huo ni muda wa kula chakula cha mchana na kusahihisha madaftari ya darasa moja.

Atakayeendelea na barabara kuu kwenda Iringa hana budi kuongeza hesabu ya mlima. Toka Mikumi hadi Iringa njia hupanda kiasi cha mita 1,000, sehemu kubwa ikiwa katika mlima Kitonga. Kuinua kilo 1,300 kwa mita 1,000 ni kazi ya jouli milioni 12.7, na betri italazimika kutoa uniti 4.2 kwa kupanda tu. Hizo zingelipeleka gari kilomita 35 katika tambarare. Wakati wa kurudi, mteremko utarudisha sehemu yake, lakini si zote.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya betri huoza, tena huoza hata gari likiwa limeegeshwa.

Katika betri ya lithiamu, chembe za lithiamu zenye chaji husafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili wakati wa kuchaji, na hurudi wakati wa kutumika. Upande unaozipokea wakati wa kuchaji aghalabu hutengenezwa kwa kinywe, madini yale yale yanayopatikana kwa wingi Mahenge, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Kila safari ya kwenda na kurudi hunasa lithiamu kidogo isiweze kutumika tena. Joto huharakisha uharibifu huo, hasa betri inapoachwa imejaa kabisa juani. Mwenye gari katika bonde la Kilosa, ambako miezi ya Oktoba na Novemba ina joto kali, afanye hima kuliegesha kivulini, achaji usiku, na kwa matumizi ya kila siku asijaze zaidi ya asilimia 80. Ujazo kamili autunze kwa asubuhi ya safari ndefu.

Ichukuliwe sasa kwamba gari letu limenunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na betri imebaki na robo tatu ya uwezo wake, yaani uniti 15. Mwalimu wa Kilosa anataka kwenda Morogoro kwa njia ya Rudewa na Dumila, takriban kilomita 130. Kwa mwendo wa 80 safari inadai uniti 15.6. Alipokuwa na betri mpya angefika na akiba ya uniti 4.4. Kwa betri hii iliyochoka ataishiwa kilomita 5 kabla ya Morogoro.

Kama ndani ya gari yumo mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mkoa, kilomita 5 hizo si jambo dogo. Lakini dawa iko mguuni. Kwa mwendo wa 60, safari ile ile inadai uniti 12.9 tu, na gari litafika likiwa na uniti 2 za ziada. Gharama yake ni dakika 32 za kuchelewa. Dereva wa gari la petroli mwenye haraka hukanyaga mafuta. Dereva wa gari la umeme lililochoka huenda polepole ili afike upesi, kwa sababu anayesimama njiani ndiye achelewaye kupita wote.

Soketi ya nyumbani na kituo cha umma

Faida ya kwanza ya gari hili ni kwamba kituo chake cha mafuta ni nyumbani. Safari ya Kilosa hadi Morogoro kwa mwendo wa 80 ingehitaji uniti 17.3 kutoka kwenye mita. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, iliyowekwa na amri ya EWURA ya mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, hizo ni shilingi 5,050 hivi. Gari dogo la petroli linalokula lita 7 kwa kilomita 100 lingehitaji lita 9.1, kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 27,300.

Lakini nyumba nyingi hazikufungwa nyaya kwa ajili ya kazi hii. Pasi ya umeme huchukua mkondo mkubwa kwa dakika chache na kupumzika. Gari huchukua ampea 10 kwa saa saba mfululizo ili kupata uniti 15. Soketi iliyolegea, au waya mwembamba wa kuunganishia, huweza kupata moto katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Fundi na akague nyaya na waya wa ardhini kabla ya usiku wa kwanza, wala gari lisichajiwe kamwe kwa waya uliokunjwa kama kamba.

Kituo cha umma cha haraka hufanya kazi kwa njia nyingine. Umeme wa gridi ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hali betri hupokea mkondo wa upande mmoja tu. Nyumbani, kigeuzi kidogo kilichomo ndani ya gari hufanya kazi hiyo. Katika kituo cha haraka kigeuzi ni kikubwa na kimesimama nje, na kikiwa na nguvu ya kilowati 50 huweza kutia uniti 15 kwa muda wa dakika 18 hivi, ingawa betri inapokaribia kujaa kasi hupunguzwa ili isipate joto. Hapa mnunuzi hana budi kuangalia jambo ambalo muuzaji anaweza kulinyamazia: baadhi ya magari madogo hayana kabisa tundu la kuchajia kwa haraka, na plagi za Japani hazilingani na za Ulaya wala za China.

Umeme wenyewe upo. Mikumi iko kiasi cha kilomita 35 hadi 40 kwa barabara kutoka Kidatu, ambako mto Ruaha Mkuu umekuwa ukizungusha mitambo tangu mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Katika mto Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kazini Februari 2024, nchi ikiwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Kituo kimoja cha kilowati 50 ni sehemu moja tu katika 4,000 ya megawati 204 za Kidatu. Uzito wa jambo uko mwishoni mwa laini: transfoma ya mtaa, iliyowekwa kwa ajili ya taa na redio za nyumba chache, haiwezi kubeba magari matatu yanayochajiwa kwa haraka pamoja na mji wake.

Vituo vipangwe kwa gari gani?

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapogusa mambo ya nchi. Mpangaji anayesoma masafa yaliyoandikwa na kiwanda anaweza kuona kwamba kituo cha Morogoro na kingine cha Iringa vinatosha, kwa kuwa magari mapya ya bei kubwa hupita umbali huo bila shida. Lakini magari yatakayoendeshwa Kilosa, Kimamba, Rudewa na Mikumi yataelekea kuwa madogo na yaliyokwisha kutumika, kama yalivyo magari yetu mengi ya petroli. Kwa betri ya uniti 15 na mwendo wa 80, masafa ni kilomita 125. Ukiondoa uniti 2 za tahadhari, hubaki kilomita 108. Morogoro hadi Mikumi ni 120.

Basi kituo cha Mikumi peke yake, kikiwa na gari la aina hiyo, kingefikiwa kwa tahadhari kidogo sana au kwa mwendo wa polepole. Kanuni inayotokea ni nyepesi: umbali baina ya vituo upimwe kwa betri iliyochoka, katika siku ya joto, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, pamoja na akiba ya kumwezesha dereva kukifikia kituo cha pili iwapo cha kwanza hakina umeme. Kituo kimoja kisicho na mwenziwe wa karibu hakiaminiki, kwa kuwa siku kitakapokatika ndiyo siku atakayekuja aliyekitegemea.

Walimu wa fizikia wanaweza kulifanya somo hili kuwa la vitendo bila kuwa na gari lolote la umeme. Wanafunzi na wapime, kwa mizani ya kuning'iniza, kani inayotosha kuvuta baiskeli au mkokoteni juu ya lami, juu ya changarawe na juu ya mchanga, kisha wailinganishe na uzito wake. Wachore grafu ya matumizi kwa kila mwendo kutokana na tarakimu zilizotolewa hapo juu. Mwishowe wajibu maswali haya: Gari lenye uniti 15 litoke Kilosa kwa mwendo gani ili lifike Morogoro na uniti 3 za tahadhari, kiyoyozi kikiwa kimezimwa? Na kama kingejengwa kituo kimoja tu cha haraka katika wilaya nzima ya Kilosa, kiwekwe Dumila, Kilosa mjini au Mikumi, na kwa sababu gani? Swali hili la pili halina jibu moja, na darasa litakalobishana juu yake kwa tarakimu litakuwa limeanza kazi ambayo wahandisi wa wilaya watatakiwa kuifanya.